Herufi Nne: Maana ya Mzaha na Maana ya Kweli

Sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma jina lako, bei iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea, na barua ya mtoto wako aliye mjini. Hongera sana. Lakini kulisoma neno ni jambo moja, na kuijua maana yake ni jambo jingine. Katika somo hili tutaangalia maneno ambayo watu waliyapa maana ya mzaha. Mengi hayana madhara. Lakini lipo moja ambalo mzaha wake uliingia katika nyumba za watu na kuacha msiba. Hilo ndilo tutakaa nalo zaidi.

1. Watu hupenda kuchezea maneno

Chukua neno machinga. Leo kila mtu anajua kuwa machinga ni mtu anayetembeza bidhaa ndogondogo mitaani. Lakini neno lenyewe limetoka wapi? Wapo watakaokuambia kuwa limetoka katika Kiingereza, eti ni "machi-gai", yaani kijana anayekwenda kwa miguu bila kupumzika kama askari kwenye gwaride. Ukimwona kijana mwenye mikanda na soksi mabegani akipita katika jua kali, maelezo hayo yanaingia akilini. Tena yanachekesha.

Lakini Wamachinga ni watu, na kwao ni upande wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Vijana waliotoka kusini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha walijulikana kwa kazi hiyo ya kutembeza bidhaa. Jina lao likawa jina la kila afanyaye kazi hiyo, hata awe Msukuma au Mgogo.

Chukua tena neno Wabenzi. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, wananchi wa Afrika Mashariki waliwaona baadhi ya wakubwa wakipanda magari ya Mercedes Benz. Wakawaita Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililozaliwa. Kiambishi wa- peke yake kilitosha kuleta kicheko. Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake, na wenye magari waliuelewa vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatusemi kuwa mzaha ni kitu kibaya. Mzaha unaweza kufundisha. Unaweza pia kumwonya mkubwa asiyeonyeka. Tunachosema ni kwamba mzaha unaweza kukalia kiti cha ukweli, na watu wasitambue kuwa mwenye kiti hayupo.

2. Jioni moja darasani

Jioni moja nilikuwa nafundisha vifupisho katika darasa la kisomo. Kifupisho ni neno lililofupishwa kwa kuchukua herufi za mwanzo au silabi za mwanzo za maneno kadhaa. Ukiandika S.L.P. kwenye bahasha, umeandika Sanduku la Posta kwa herufi tatu. Ukisoma BAKITA, unasoma Baraza la Kiswahili la Taifa. BA ni Baraza, KI ni Kiswahili, TA ni Taifa. Wanakisomo walifurahi sana kuona maneno marefu yanavyoweza kukunjwa kama mkeka.

Kisha nikaandika ubaoni herufi nne: A, I, D, S. Nilitaka kueleza kuwa hiki ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, nacho ni jina la ugonjwa. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hicho mimi nakijua tangu ujanani," akasema. "A ni Acha. I ni Iniue. D ni Dogedoge. S ni Siachi."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu. Mzaha huo ni wa zamani, ulienea sana mijini na vijijini katika miaka ya mwisho ya 1980 na miaka ya 1990. Neno dogedoge ni la mitaani. Maana yake ni msichana mwenye umri mdogo anayetafutwa na wanaume waliomzidi umri. Sentensi nzima maana yake ni hii: "Ugonjwa huu acha uniue, lakini wasichana siwaachi."

Mama mmoja hakucheka. Alikuwa akikunja daftari lake polepole. Watu walipotawanyika alibaki, akaniambia:

"Mwalimu, hayo maneno ndiyo aliyokuwa akiyasema marehemu mume wangu. Nilikuwa nikimwambia, baba watoto, huko unakokwenda usiku kuna ugonjwa. Ananijibu kwa herufi hizo nne. Wenzake wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, mwalimu, maana alikuwa mtu wa kuchekesha. Alifariki mwaka 1999. Mtoto wetu wa mwisho akamfuata, hata miaka mitatu hakutimiza. Mimi nilikwenda kupima mwaka 2005, nikakutwa na virusi. Dawa natumia mpaka leo."

Nikamwomba radhi kwa kutabasamu. Akasema, "Hukujua, mwanangu. Waeleze watu, lakini jina langu liache."

Ndiyo maana nimeandika somo hili.

3. Tuichambue sentensi hiyo

Ndugu mwanakisomo, wewe umejifunza viambishi. Tuichukue sentensi ya mzaha na kuichambua kama tunavyochambua sentensi nyingine zote.

Neno la kwanza ni Acha. Hiyo ni amri. Anaamriwa nani? Anaamriwa yule aliyetoa onyo. Huenda ni mke, huenda ni rafiki, huenda ni mganga wa zahanati. Anaambiwa akae kimya.

Neno la pili ni Iniue. Litenganishe: i-ni-ue. Tazama hiyo ni iliyo katikati. Maana yake ni mimi. Msemaji anadai kuwa atakayekufa ni yeye peke yake. Anajifanya shujaa anayelipa deni lake mwenyewe.

Hapo ndipo uongo ulipo. Ugonjwa huu hauhesabu hivyo. Mume akiambukizwa na asijue, au akijua na asiseme, humwambukiza mke. Mke asipopata huduma humwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua, au kwa maziwa. Kama msemaji angesema kweli, angebadili kiambishi kimoja tu. Asingesema iniue. Angesema ituue. Silabi moja imebadilika, na mzaha umekwisha. Hakuna mtu anayeweza kuchekesha wenzake kilabuni kwa kusema, "Acha ituue, mimi na mke wangu na mwanangu."

Neno la tatu ni Dogedoge. Katika sentensi hii yeye hasemi kitu. Anasemwa tu, kana kwamba ni sigara au pombe ambayo mtu hawezi kuiacha. Lakini dogedoge ni binti wa mtu. Ana mama yake, huenda ana daftari la shule. Pengine ni binti wa jirani yako. Kwa umri wake hana nguvu ya kumkatalia mtu mzima mwenye fedha, wala ya kumwambia avae kondomu.

Neno la nne ni Siachi. Hilo linasemwa kama ushujaa. Lakini mtu asemaye siachi huku anajua madhara amekwisha kuwa mtumwa.

Waona sasa? Maneno manne tu, lakini yamemnyamazisha mke, yamemsahau mtoto, na yamemgeuza binti kuwa kitu. Yote hayo yalipita kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

4. Kwa nini watu waliubuni mzaha huo?

Tusiwahukumu upesi waliocheka. Tuangalie hali ilivyokuwa.

Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1981. Virusi vinavyouleta viligunduliwa mwaka 1983. Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa.

Watu waliona vifo, lakini hawakuwa na jina. Waganda waliuita "Slim", yaani wembamba, kwa sababu wagonjwa walikonda. Kagera watu waliuita "Juliana". Juliana lilikuwa jina la vitambaa vya mtindo vilivyoletwa na wafanya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Vijana wa magendo walikuwa na fedha na walivaa vizuri. Walipoanza kuugua, watu wakaufunga ugonjwa na nguo zao. Jina lilipatikana, lakini halikumwambia mtu namna ya kujikinga. Mtu aliweza kuacha kuvaa Juliana na bado akaambukizwa.

Baadaye zikaja herufi nne za Kiingereza. Ziliandikwa kwenye mabango na kutajwa redioni. Mwananchi wa kijijini alizisoma, lakini hazikumwambia kitu. Neno lisiloelezwa ni kama nyumba isiyo na mwenyewe: yeyote anaweza kuingia. Wachekeshaji wakaingia.

Tena kulikuwa na hofu. Wakati ule dawa za kupunguza nguvu ya virusi hazikuwafikia wananchi. Mtu akiogopa sana na hana la kufanya, hucheka. Kicheko kile kilikuwa kama mtu anayepiga mluzi akipita makaburini usiku. Mluzi unamtuliza, lakini haumwonyeshi njia.

5. Jina linalojieleza

Kisha Kiswahili kikapata neno lake: UKIMWI. Lisome kwa silabi kama ulivyosoma BAKITA.

U ni Upungufu.
KI ni wa Kinga.
MWI ni Mwilini.

Ukimwi ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Kinga ni askari wa mwili. Askari wakipungua, kila mwizi anaingia: kifua kikuu, homa ya mapafu, kuharisha kusikokoma. Jina lenyewe limekupa somo zima. Hapa mwananchi hahitaji Kiingereza, anahitaji kueleza silabi tatu tu.

Kuna kifupisho kingine ambacho lazima ukijue, nacho ni VVU. Hivyo ni Virusi vya Ukimwi. VVU na Ukimwi si kitu kimoja. VVU ni vijidudu vidogo sana vinavyoingia mwilini. Ukimwi ni hali inayokuja baadaye, kinga inapokuwa imeharibiwa. Mtu anaweza kuwa na VVU kwa miaka mingi akiwa na afya, analima na kuvuna. Kwa hiyo huwezi kumjua mwenye VVU kwa kumtazama usoni. Kipimo pekee ndicho kinachojua.

6. Mambo ya kweli ya kushika

Mzaha tumeuchambua. Sasa tuweke ukweli mahali pake.

Kwanza, VVU huambukizwa kwa njia ya kujamiiana bila kinga na mtu mwenye virusi, kwa damu au vifaa vyenye damu kama sindano na nyembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haviambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, kula sahani moja, kutumia choo kimoja, wala kwa kuumwa na mbu.

Pili, kinga zipo. Kuwa mwaminifu kwa mwenzi mmoja ambaye naye ni mwaminifu, na ninyi wawili mmepima. Tumia kondomu. Usichangie wembe wala sindano.

Tatu, mtu aliyebakwa au aliyechomwa na sindano yenye damu afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita. Ipo dawa ya kuzuia virusi visishike. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hiyo.

Nne, dawa za kufubaza virusi, ambazo wengi huziita ARV, zilianza kutolewa bure na serikali ya Tanzania mwaka 2004. Dawa hizi haziponyi kabisa. Lakini mtu akizitumia kila siku bila kuacha, virusi hupungua mpaka kipimo hakivioni katika damu. Akifika hapo na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mama mwenye VVU akitumia dawa vizuri anaweza kujifungua mtoto asiye na virusi.

Tano, kazi iliyofanywa imezaa matunda. Mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Uchunguzi wa mwaka 2003-04 ulionyesha kuwa Tanzania Bara watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na VVU. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022-23 ulionyesha watu 44 katika kila 1,000 wenye miaka 15 na zaidi. Tumepiga hatua, lakini hatujafika.

7. Maneno ya mitaani ya leo

Huenda utasema, "Mwalimu, mzaha huo wa herufi nne ni wa wazee." Ni kweli. Lakini mitaani kuna mengine. Umewahi kusikia mtu akisema, "Fulani amekanyaga miwaya," au "Fulani ana ngoma." Maneno hayo yanamaanisha kuwa mtu huyo ana VVU.

Yachambue nayo. Aliyekanyaga waya wa umeme hufa palepale. Lakini mwenye VVU anayetumia dawa hafi palepale. Anaishi, anasomesha watoto, anaweza kuzeeka. Basi neno miwaya linasema uongo. Na uongo huo una madhara, kwa sababu mtu akiamini kuwa amekwisha kufa, aende zahanati kutafuta nini? Tena maneno haya husemwa kwa kunong'ona, mwenyewe akiwa amegeuza mgongo. Neno linalosemwa nyuma ya mgongo humfanya mtu aone aibu, na mwenye aibu huficha dawa zake chini ya godoro au huacha kuzitumia.

8. Liulize neno maswali manne

Kuanzia leo, ukikutana na neno geni au kifupisho, liulize maswali haya:

1. Herufi au silabi hizi zimetoka katika maneno gani?
2. Nani ameniambia maana hii, naye ameijuaje?
3. Maana hii inamnyamazisha nani?
4. Nikiifuata maana hii, nini kitatokea nyumbani kwangu?

Kama maana ni ya kuchekesha tu, cheka, kisha uliza maana ya kweli. Mwulize mwalimu, mhudumu wa afya, au mtu aliyesoma. Kuuliza si ujinga. Ndiyo kazi ya kisomo.

Wiki iliyofuata nilizirudia herufi zile ubaoni. Nikawaomba wanakisomo wabadili kiambishi kimoja, kutoka ni kwenda tu. Walisoma kwa sauti: ituue. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa nyuma akavua kofia yake, akasema, "Mwalimu, mimi nimelisema lile neno miaka thelathini, na sikuwahi kulisoma." Kisha akauliza siku ambayo zahanati hupima.

Yule mama ndiye aliyemjibu. "Kila siku ya kazi, asubuhi," akasema. "Ukitaka, nitakusindikiza."

MANENO YA KUKUMBUKA

Kifupisho: neno lililofanywa kwa herufi au silabi za mwanzo za maneno mengine.
Kiambishi: silabi inayoongezwa kwenye neno na kulipa maana zaidi.
Kinga: nguvu ya mwili ya kuzuia magonjwa.
Kufubaza: kupunguza nguvu ya kitu.
Magendo: biashara ya kupitisha mali kwa njia isiyo halali.

MASWALI

1. Silabi za neno UKIMWI zinasimama badala ya maneno gani?
2. Eleza tofauti kati ya VVU na Ukimwi.
3. Kwa nini jina "Juliana" halikuwasaidia watu kujikinga?
4. Katika neno iniue, kiambishi ni kina maana gani? Kikibadilika kuwa tu, maana inakuwaje?
5. Taja njia tatu ambazo VVU huambukizwa, na mambo matatu ambayo hayaambukizi.

MAJADILIANO

Zungumzeni katika vikundi: Je, kijijini kwenu kuna maneno ya mzaha yanayotumiwa kwa wagonjwa, kwa wasichana, au kwa wajane? Maneno hayo yanamnyamazisha nani? Ninyi mnaweza kusema nini badala yake?

KAZI YA KUFANYA

Tafuta vifupisho vitatu vilivyoandikwa mahali popote kijijini: kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mfuko wa mbegu, au kwenye ofisi ya kijiji. Viandike katika daftari lako. Uliza maana ya kila kimoja, kisha umweleze mtu mmoja nyumbani ambaye hajui kusoma.